Fimbo Iliyotangulia Mtoto

Sehemu ya Saba

Mlango uligongwa mara ya tatu. Hapo ndipo tulipoishia wiki iliyopita, ndugu zangu: mimi nimesimama katikati ya nyumba na sufuria ya maji ya moto mkononi, na binti yangu Mosele yuko chini, juu ya ngozi ya ng'ombe, anauma ncha ya blanketi ili asisikike nje.

Nani angethubutu kugonga? Tete la mtoni lilikuwa juu ya mlango, limechomekwa kwenye nyasi za paa. Nililichomeka kwa mkono wangu jana yake, Ijumaa asubuhi. Kwetu milimani tete likisimama pale, ndani kuna kichanga. Mwanamume hapiti, hata awe mwenye nyumba, hata theluji imfunike nje.

Na kichanga hakikuwemo.

"Fungua, mkwe. Ni mimi."

Maji yalinimwagikia vidoleni. Alikuwa Mamokete, mama yake Teboho, mume wa Mosele. Mtu niliyemtumia habari kwamba amepata mjukuu.

Nilifungua mlango kwa upana wa uso wangu tu. Amesimama na blanketi lake la kahawia, kalibana kifuani kwa pini kubwa, theluji imemkaa mabegani kama chumvi. Mkononi ana kikapu kimefunikwa kitambaa kipya, bado kina mikunjo ya dukani.

"Hongera, mkwe wangu!" akasema. "Teboho ana alama ya fimbo kuanzia sikioni mpaka begani. Yule dada yako Mankoe ana mkono, jamani! Kamvizia mwanangu anakamua ng'ombe, kamchapa mpaka maziwa yakamwagika. Kijiji kizima kilicheka."

Nilicheka na mimi. Sijui kicheko kile kilitoka wapi.

Hivyo ndivyo tunavyopeana habari sisi Wasotho. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama mzazi wa mke. Akiwa wa kiume, wanawake wa upande wa mke huteremka kwa kina mume, wamvizie baba mtoto na kumchapa fimbo. Akiwa wa kike, wanammwagia ndoo ya maji. Hakuna salamu wala barua. Akishachapwa, amejua, na majirani wamejua.

Uchungu ulimshika Mosele Ijumaa alfajiri. Kabla jua halijatoka nilimtuma Mankoe na fimbo. Nilijiambia kwamba njia ni ya saa tatu juu ya farasi, na mpaka afike huko bondeni mtoto atakuwa kifuani ananyonya. Tumbo lilikaa mbele, limechongoka, nikajua ni wa kiume.

Lakini mjue na lililobaki, maana nimeahidi kutoficha. Nilijua kwamba Jumamosi Mamokete angepanda na farasi kumchukua Mosele, amteremshe mpaka darajani, gari la kliniki limpeleke kwenye nyumba ya kungojea wajawazito. Nilitaka habari ifike kabla ya farasi wale.

"Nimekuja kumwona Mathuso," akasema Mamokete. Mathuso ndilo jina walilompa Mosele siku ya harusi, mama wa Thuso, kabla hata ya mimba. Ndiyo desturi. Jina walishalichukua wao, na binti walishamchukua. Nami nilizaliwa juu ya ngozi ile, na Mosele pia. Nikaona angalau kuzaa kwake kubaki kwangu.

"Amelala," nikasema. "Njoo kesho kutwa."

Mosele akapiga yowe.

Mamokete alitua kikapu chini polepole. Furaha ilimtoka usoni.

"Mkwe," akasema, "aliyejifungua jana halii hivyo."

"Ni tumbo la baada ya kuzaa."

"Mimi nimezaa saba. Usinifundishe matumbo." Akaweka mguu wake mlangoni, kiatu cha plastiki kilichojaa tope. "Unajua kwa nini nimekuja bila kuitwa? Nilimuuliza Mankoe kitovu kimekatwa kwa wembe au kwa kisu. Akasema hakuona vizuri. Mtu aliyekuwa ndani asione kitovu! Sikulala. Mwanamke, ondoka mlangoni."

Nikaondoka.

Alipiga magoti kando ya Mosele, akamwinua kidevu kumwangalia. Uso ulikuwa umevimba, macho yamebaki vijistari viwili. Akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Shimo likabaki vilevile, kama umebonyeza ugali.

"Tangu lini yuko hivi?"

"Ni baridi," nikasema.

"Baridi inaujaza mguu maji? Mathuso, mwanangu, nini kinakuuma zaidi?"

"Kichwa, Mama. Kama mtu ananigonga kwa jiwe hapa." Akagusa paji. "Uchungu nauweza. Kichwa hiki sikiwezi."

Mamokete akanigeukia. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Teboho yuko nje, kwenye zizi, na simu anayo. Nenda kapige kliniki. Mimi sitoki hapa. Na ukirudi uniambie kitu kingine kisicho kweli, nitasahau kwamba wewe ni mkwe wangu."

Zizi liko hatua mia moja juu ya nyumba, na pale pembeni lipo jiwe moja ambalo ukisimama juu yake mtandao unashika. Teboho alikuwa amekaa juu ya jiwe hilohilo, amejifunika blanketi mpaka masikioni. Aliponiona akasimama haraka, akavua kofia ya nyasi.

"Mama!" Meno yote nje. "Sitauliza kuingia, najua desturi. Niambie tu, anafanana na nani?"

Alama ya fimbo ilikuwa pale shingoni, nyekundu, imevimba kidogo. Alikuwa ameuacha ukosi wazi makusudi ili watu waione.

"Nipigie kliniki," nikasema.

"Kuna nini?"

"Piga, Teboho."

Akapiga, akanipa. Niliibana simu sikioni kwa mikono miwili ili yeye asisikie.

"Mama Mosele!" Ilikuwa sauti ya Sista Puleng. "Hongera! Tumesikia jana, wa kiume."

"Sista, kichwa kinamuuma sana. Amevimba uso."

Nilisikia mlango wa kabati ukifungwa kule kwake.

"Tangu ajifungue?"

Nikamgeuzia Teboho mgongo. "Bado," nikanong'ona.

"Bado nini?"

"Bado hajajifungua."

"Mungu wangu! Mama, na ile barua niliyokupa mkononi? Wiki tatu zilizopita, ulipopita hapa na gunia la chumvi. Nilikuambia umpe Mosele aisome mbele ya mumewe. Aliisoma?"

Ndugu zangu, mnaijua barua hiyo. Mnajua niliisoma nikiwa peke yangu njiani, nimekaa kando ya farasi, maana shule ya msingi niliimaliza na kusoma najua. Mnajua iko ndani ya kopo la unga wa mtama, chini kabisa. Mosele aliniuliza siku ileile: "Mama, sista hakukupa neno?" Nikamjibu: "Amesema uko salama, ule vizuri tu."

"Aliisoma," nikamwambia Sista Puleng.

"Akaisoma, akabaki nyumbani?"

"Sista, gari liko wapi?"

Akashusha pumzi. "Gari limekwenda kwenye chanjo vijiji vya juu ya mto. Alipopitisha tarehe niliyomwandikia, nikapanga lisimame darajani leo kumchukua yeye. Jana mlipoleta habari za fimbo nikamwambia dereva asihangaike kusimama. Sasa yuko bondeni, simu yake haipatikani. Atapita darajani saa kumi. Saa kumi, Mama, si zaidi, na lingine hakuna mpaka Jumatatu. Fikeni kabla, msimame katikati ya njia. Unanisikia? Katikati ya njia."

Teboho alishanyakua simu. Ilikuwa imeshakatika.

"Mke wangu ana nini?"

"Anatakiwa kliniki. Tafuta wanaume, mtengeneze machela."

"Na mtoto? Nani atambeba mtoto?"

Nilikuwa nimeshaanza kuteremka, na nilijikwaa kwenye mawe kama mtu asiyeijua njia ya kwake.

Ilikuwa yapata saa saba wanaume wanne walipofika na miti miwili mirefu na mablanketi. Mbele yao alikuwa Khoabane, shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu. Hatua tatu kabla ya mlango, wote wakasimama kama waliofungwa kamba moja.

"Ingieni basi!" nikasema.

Khoabane akaonyesha juu kwa kidevu. "Tete, shemeji."

"Nimewaruhusu mimi."

"Wewe si tete. Limesimama, kichanga kimo. Nikivuka hapo nimemdhuru mtoto wa watu. Mleteni mama nje wenyewe."

"Hawezi kusimama, Khoabane! Wanawake wawili wazee tutambebaje?"

"Basi litoe."

Alisema hivyo kwa upole tu, lakini wenzake walitazama chini. Tete lina siku zake. Kulitoa ilhali limechomekwa jana tu ni kuwatangazia watu kwamba kichanga hakipo tena duniani. Na wanawake wa nyumba za jirani walikuwa wameshatoka, wamejipanga ukutani na mablanketi yao. Hao hao waliniletea uji wa mtama jana, wakanipongeza mlangoni, nikapokea. Bakuli zao nilikuwa bado sijarudisha.

Ndani, Mosele akaguna. Halafu nikamsikia Mamokete: "Tulia mwanangu, wanakuja, wanakuja."

Nilivuta kigoda, nikapanda. Nyasi za paa zilikuwa na barafu. Tete lilikuwa limeganda, nikalivuta mara moja halikutoka, mara ya pili likatoka na kipande cha nyasi.

Mwanamke mmoja akaanza kulia kilio cha msiba. Teboho alikuja mbio, kofia imedondoka.

"Amekufa? Mama, mwanangu amekufa?"

"Hajafa."

"Mbona umelitoa?"

"Hajafa, Teboho, kwa sababu hajazaliwa." Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini kulikuwa kimya kiasi kwamba hata waliokuwa mbali walisikia. "Hajazaliwa mpaka sasa. Tete nililichomeka bure."

Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka shingoni.

"Na fimbo?"

"Fimbo niliituma mimi."

Aliyekuwa akilia msiba alinyamaza. Mwingine akasema, "Loo! Na uji wetu akanywa!" Hakuna aliyecheka. Teboho akaufunga ukosi wa shati lake, kifungo cha mwisho kabisa kile ambacho hakuna anayekifunga. Kisha akachukua ncha ya mti mmoja wa machela.

"Ntate Khoabane," akasema, kwa heshima ya mtu na baba yake, "tuingie."

Nilipoingia nyuma yao, nililiona kwanza kopo la unga. Lilikuwa wazi. Kifuniko chake kiko sakafuni, na unga umemwagika kidogo kuzunguka mguu wa meza. Mamokete alikuwa amekoroga uji mwepesi wa kumpa Mosele njiani. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko.

Akafunga pini ya blanketi lake, akapiga kiganja mara mbili kifuani kama anayehakikisha kitu kimekaa.

Tukateremka.

Njia ile ina kona kumi na moja. Nimeihesabu maisha yangu yote na sikuwahi kuiona ndefu hivyo. Wanaume walibadilishana mabega bila kuongea. Theluji ilikuwa imekatika, lakini kwenye kivuli mawe yalikuwa yanateleza, na kila mmoja alipoteleza Mosele aliuma meno. Mimi nilikwenda kando yake nimemshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vinene, pete imezama ndani ya nyama.

"Mama," akasema kwenye kona ya nne, "umenikasirikia?"

"Mimi? Nikukasirikie wewe?"

"Nilitaka kwenda kule kwenye nyumba ya wajawazito. Niliogopa kukuambia. Niliona utasema nimekuwa mtu wa kwao."

Ndivyo hasa ningesema. Neno kwa neno.

Kwenye kona ya saba, Khoabane alishikwa na kikohozi. Wakaitua machela juu ya jiwe pana ili apumue. Jua lilikuwa limeinama, lakini muda ulikuwepo. Mamokete akamnywesha Mosele uji mara mbili, kisha akaweka kikombe chini, akaingiza mkono ndani ya blanketi.

Akatoa karatasi. Imekunjwa mara nne, na unga umeingia kwenye mikunjo.

"Hii niliikuta kwenye kopo," akasema. "Mimi kusoma sijui, watu wote wanajua. Lakini muhuri wa kliniki naujua, maana upo kwenye kadi za wajukuu wangu wote. Nikajiuliza, karatasi ya kliniki inatafuta nini ndani ya unga?"

Hakuwa ananitazama mimi. Alimpa Mosele.

Mosele alikunjua ile karatasi, akaileta karibu na uso, akaipeleka mbali, akaileta karibu tena.

"Naona giza," akasema. "Naona kama moshi. Mama, nisomee wewe."

Teboho alikuwa amechuchumaa upande wa pili. Shuleni hakukaa, alikulia kwenye malisho. Khoabane na wenzake hali kadhalika. Mlima ule wote, mwenye kusoma nilikuwa mimi peke yangu.

Nawaambia kweli: maneno mengine yalikuja. Yalinijia yamepangika vizuri kabisa. Ningesema, ni karatasi ya zamani, ya chanjo. Nani angenipinga? Hata mkono wangu ulikuwa umetulia. Hilo ndilo liliniogopesha, kwamba haukutetemeka.

Nikasoma.

"Mosele. Presha yako imepanda, na mkojo wako si mzuri. Usizalie nyumbani, hata wazee wakikuambia nini. Njoo kwenye nyumba ya kungojea kabla ya tarehe ishirini na moja, mumeo akulete. Ukiumwa kichwa, au macho yakiona giza, usingoje hata saa moja. Hiyo ni hatari kwako na kwa mtoto. Mimi Sista Puleng."

Upepo ulitaka kuninyang'anya ile karatasi. Nikaishika.

"Iliandikwa lini?" akauliza Mosele.

"Tarehe tano."

"Leo ni ngapi?"

"Ishirini na saba," akajibu Teboho. Siku zake za kuwa baba alizihesabu.

Mosele aliyafumba yale macho yasiyoona. Kisha akautoa mkono wake ndani ya mkono wangu, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine, akauingiza chini ya blanketi. Hakunitukana. Nilingojea anitukane.

"Inueni," akasema Mamokete. "Inueni twende, mama yake atanijibu mimi baadaye."

Wabebaji sasa walikuwa wanakaribia kukimbia. Teboho alitangulia mbele ya machela kuondoa mawe kwa mguu. Kona ya nane, ya tisa. Tulipopinda ya kumi, bonde lilifunguka, na daraja likaonekana chini yetu, dogo kama kipande cha ubao.

"Gari!" akapiga kelele Teboho.

Kweli, gari jeupe lilikuwa linakuja kando ya mto, likirusha tope nyuma yake. Na darajani, katikati ya njia kama alivyotaka Sista Puleng, walisimama watu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Watu wale wangelisimamisha mpaka tufike. Tulibakiza mwendo wa dakika ishirini tu.

Gari likasimama.

Mamokete akakinga macho kwa kiganja. Nikamwona anageuka rangi.

"Wale ni kina shangazi yake Teboho," akasema. "Yule mweupe wanayemvuta ni kondoo wa kumpongeza mzazi. Niliwaambia wangoje neno langu! Niliwaambia wasipande!"

Kutoka kule juu hatukusikia kitu, tuliona tu. Tuliona dereva anatoa kichwa dirishani. Tuliona shangazi mmoja ananyanyua fimbo, anaishusha hewani mara mbili, kama anayemchapa mtu. Dereva akatupa kichwa nyuma, anacheka. Akawapungia mkono. Wanawake wakakaa kando kumpisha.

"Hapana!" Teboho alishaanza kukimbia, anateleza, anainuka. "Hapanaaa! Msimwachie!"

Upepo ulikuwa unatoka bondeni, ukairudisha sauti yake usoni kwetu.

Nilifungua pini yangu. Mwanamke wa rika langu havui blanketi lake mbele ya wakwe, hilo linajulikana, lakini nililivua, nikabaki na gauni, nikapanda juu ya jiwe na kulipunga kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Nililipunga kushoto na kulia, nikipiga kelele mpaka koo likachanika. Rudi. Rudi. Rudi.

Shangazi mmoja akatuona. Akawashika wenzake, akaonyesha juu, wote wakatazama. Wakaona watu mlimani, na bibi mzaa mama anapunga blanketi juu ya jiwe.

Wakainua mikono yao juu wakanipungia na wao. Upepo ukatuletea vigelegele vyao, virefu, vya furaha tupu, na nyuma yao gari jeupe likavuka daraja, likapinda, likafunikwa na mlima.

Kwenye machela, Mosele alikuwa ameanza kutetemeka mwili mzima kama mwenye kifafa.